Zile honi mbili

Mwanangu, habari za huko. Mesej yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Umesema hiyo kazi ya ukaguzi wa hesabu itakuwa inakuzungusha mikoani wiki tatu kila mwezi na mjukuu wangu ndo kwanza ana miaka miwili, alafu ukaniuliza, baba zile honi mbili ulizokuwa unapiga usiku ukipita nyumbani, ulikuwa huumii kupita tu bila kusimama? Sikujibu siku ileile maana nilitaka nikujibu ukweli.

Nilikuwa naumia sana. Nyumba yetu ipo Mbalizi barabarani kabisa, mi natoka Dar na kontena naenda Lubumbashi, naiona taa ya barazani inawaka na siwezi kusimama, mzigo wa transiti una sili ya forodha na tajiri anaiona gari ilipo, ukisimama pasipo ratiba anapiga simu hapohapo, na wanyonya mafuta pale kwetu walikuwa hawalali. Basi napiga honi mbili, nikiangalia kwenye saitimira naona taa imezimwa. Mama yako ndo anaenda kulala sasa.

Na Tunduma, pale mpakani na Zambia, ilikuwa inauma zaidi. Kuna safari foleni ilianzia Mpemba, nikakaa siku sita, na kutoka pale mpaka nyumbani ni kama kilomita 100 tu lakini gari huwezi kuliacha. Siku ya nne mama yako akapanda Kosta na we mgongoni, kabeba viazi na maharage kwenye hotpoti, ukalala kitanda cha kwenye kebini mchana kutwa. Hiyo siku mpaka leo sijaisahau.

Sitaki uone kama barabara ilikuwa mateso tu. Nimeshuka mlima Kitonga na tani karibu 30 za shaba alfajiri ukungu umejaa bondeni, nikafika chini nikamshukuru Mungu kwa sauti. Beringi imenifia Mpika, mzee mmoja wa Kizambia ambaye hanijui, nilichojua mi kwa Kibemba ni mulishani peke yake, yaani habari zenu, akanikaribisha nshima, ugali wao, kwake siku mbili mpaka spea ikafika. Nyumba hii na ada zako zote zimetoka kwenye usukani ule, sijutii.

Kilichoniumiza zaidi ni sahani. Kuna siku nimerudi baada ya wiki tano, chakula kikaandaliwa, nyie wote mnakula kwenye zile za bati za kila siku, mimi nikatolewa sahani ya udongo ya kabatini, ile ya wageni. Mama yako alifanya kwa heshima kabisa, hakuwa na nia mbaya. We ukaniamkia shikamoo ukakimbilia nyuma ya kanga yake. Sikusema kitu, nikala, lakini usiku sikulala. Niliona nyumba imejifunza kwenda bila mimi, na mi mwenyewe ndo niliifundisha, maana nikirudi nilikuwa naoga nalala naamka naulizia gari.

Kuanzia hapo nikirudi, hata kama mgongo unakatika, nilikuwa nakuogesha mwenyewe na kukupeleka chekechea. Ulilia wiki ya kwanza, ya pili ukazoea.

Kwa hiyo kazi ichukue. Simu piga kila siku saa ileile kabla mtoto hajalala, hata kama huna la kusema. Na ukirudi usikae kwenye kochi ukaletewa maji, ingia jikoni mpikie uji wewe, dada wa kazi apumzike.

Hizo wiki tatu mlete huku kwetu, mi nipo, siendi tena popote. Mama yako ameshatoa magunia ya mahindi kwenye chumba chako cha zamani na kesho fundi anakuja kuweka wavu dirishani, mbu wamezidi mwaka huu.

Baba yako.