Milkiwidi ya asili ya kwako: ushauri kwa anayeanza bustani ya vipepeo Amerika Kaskazini

Ukienda kwenye duka la mimea mwezi wa tano na kuuliza milkiwidi, mara nyingi utakabidhiwa mche wenye maua mekundu yaliyochanganyika na manjano, umestawi na unapendeza macho. Huo ndio mche wa kuuacha palepale. Sababu tutaifikia. Kwanza kuna maswali mawili ambayo muuzaji hatakuuliza: unaishi wapi, na udongo wako ukoje?

Milkiwidi ni mimea ya jenasi Asclepias, ambayo kwa kifupi huandikwa A. Marekani ina aina zake za asili zaidi ya 70, nyingi zikitoa utomvu mweupe kama maziwa ukikata jani. Viwavi wa kipepeo monaki, Danaus plexippus, hula mimea hiyo na jamaa zake wachache tu. Bustani yenye maua mengine mia moja itamlisha kipepeo mkubwa, lakini watoto wake watakufa njaa. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza monaki aingizwe kwenye orodha ya spishi zinazotishiwa kutoweka, kwa hiyo kuchagua aina ya kupanda si suala la urembo wa ua peke yake.

Mahali kwanza

Neno "asili" kwenye kibandiko halitoshi, kwa sababu mmea unaweza kuwa wa asili Marekani na bado ukawa mgeni katika kaunti yako. Asclepias syriaca, milkiwidi inayojulikana kuliko zote, ni ya upande wa mashariki na nyanda za kati, hadi kusini mwa Kanada. Ukiipeleka California umepeleka mgeni. Huko magharibi nafasi yake inachukuliwa na A. speciosa, yenye majani mapana ya kijivujivu na maua makubwa ya waridi, na A. fascicularis yenye majani membamba inayovumilia kiangazi kirefu. Kwa aliye Texas au Oklahoma, za kutafuta ni A. viridis na A. asperula. Hizi huchipua mapema, na monaki wanaorudi kutoka Mexico mwezi wa tatu na wa nne huzitagia kabla za kaskazini hazijatoa hata jani moja. Florida na maeneo jirani yana A. perennis kwa penye maji, na A. humistrata kwa mchanga mkavu. Hiyo ya pili haipendi kuhamishwa, kwa hiyo anayeanza asianze nayo.

Kabla ya kununua, tazama ramani za kaunti za BONAP, mradi wa kuorodhesha mimea ya Amerika Kaskazini, au hifadhidata ya PLANTS ya wizara ya kilimo ya Marekani. Andika jina la kisayansi la aina inayoota katika kaunti yako, uende nalo dukani. Majina ya kawaida hupoteza watu: A. tuberosa na Buddleja, kichaka cha kutoka Asia, huuzwa kwa majina ya Kiingereza yanayokaribiana sana, na hakuna kiwavi wa monaki atakayeishi kwa majani ya Buddleja.

Kuna sehemu moja ambako ushauri hugeuka. Katika pwani ya California, monaki wa magharibi hukusanyika kupitisha baridi kwenye vichaka vya miti. Milkiwidi iliyopandwa jirani huwashawishi kuanza kutaga wakati wanapaswa kupumzika. Xerces Society, shirika la kuhifadhi wadudu, hushauri watu wa pwani ya kati na kaskazini ya jimbo hilo wasiipande ndani ya maili 5, yaani kilomita 8 hivi, kutoka vituo hivyo. Kama unakaa huko, panda maua ya asili yenye nekta, yaani maji matamu ya maua, wakati wa baridi badala yake.

Udongo ndio unaoamua

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha jaza tena na upime kwa rula baada ya saa moja. Maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, udongo wako unapitisha maji vizuri. Yakishuka kidogo sana au yasiposhuka, una mfinyanzi au ardhi iliyoshindiliwa, jambo la kawaida kwenye nyumba mpya ambako matingatinga yalipita. Jua nalo lisipungue saa 6 kwa siku.

Kwa mfinyanzi na penye unyevu, chukua A. incarnata. Kwa anayeanza mashariki au katikati ya nchi, hii ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote. Hufika mita 1 hadi 1.5, maua yake ni ya waridi, hukaa kwenye shina lake bila kuvamia jirani, hukubali kuhamishwa, na monaki huipenda sana kutagia. Jina lake la Kiingereza huitaja kama mmea wa kinamasi, jambo linalowatisha watu bure: udongo wa kawaida wa bustani unaitosha, mradi usiuache ukauke kabisa mwaka wa kwanza. Zipe nafasi ya sentimita 45 hadi 60.

Kwa mchanga na penye kukauka upesi, panda A. tuberosa. Ni fupi, sentimita 30 hadi 75, na maua yake ni ya rangi ya chungwa. Ukiikata haitoi maziwa, na wanaoanza hudhani wameuziwa mmea bandia. Sivyo, ndivyo ilivyo. Ubaya wake ni mzizi mkuu mnene unaoshuka chini sana. Ukijaribu kuhamisha mmea wa miaka mitatu utakata mzizi huo na mmea utakufa, na katika mfinyanzi mzizi huoza wakati wa baridi. Nunua mche mdogo, uupande mahali utakapobaki. Usiifanye kuwa aina yako ya pekee, kwa sababu monaki huitagia kwa uchache kuliko nyinginezo. Kazi yake kubwa ni nekta.

A. syriaca hulisha viwavi wengi, lakini ina mashina yanayotambaa chini ya ardhi na kuchomoza mita moja au zaidi kutoka ulipoipanda, mwaka hadi mwaka. Katika shamba au ukingo wa uwanja mkubwa ni baraka. Katika kitalu cha maua cha mita 2 kwa 3 mbele ya nyumba, itawafukuza wengine wote. Isitoshe, mimea iliyotoka kwenye shina moja la chini huwa haichavushani yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana kichaka kizima kinaweza kuchanua na kisizae maganda. Panda miche ya mbegu tofauti. Kama jiji lako au chama cha wenye nyumba kina sheria za urefu wa mimea, soma kwanza: Ontario iliihesabu aina hii kuwa gugu baya kisheria hadi 2014 ilipoiondoa.

Nyingine mbili kwa ufupi. A. exaltata huvumilia kivuli chepesi mashariki, jambo adimu katika jamii hii. A. verticillata, yenye majani membamba kama nyuzi, hustahimili ukame na hubaki kijani hadi mwisho wa kiangazi, ila ni sumu kali kwa mifugo. Mwenye mbuzi au kondoo asiikaribishe.

Ule mche mwekundu

Ni A. curassavica, wenye asili ya Mexico na nchi za kusini zaidi. Wenye vitalu huupenda kwa sababu mbegu zake hazihitaji baridi, vipandikizi vyake hushika upesi, na huchanua mwaka uleule. Monaki nao huupenda mno, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Monaki ana kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha. Kipepeo mwenye kimelea hudondosha vijimbegu vya kimelea hicho kwenye majani anapotaga, na kiwavi huvila pamoja na jani. Aliyeambukizwa sana hutoka kwenye pupa na mabawa yaliyokunjamana, akashindwa kuruka. Milkiwidi za asili hukauka juu majira ya baridi, na uchafu huo huondoka na majani. Lakini Florida, pwani ya Texas na kusini mwa California, A. curassavica hubaki kijani mwaka mzima. Vipepeo huacha kuhama, huzaana palepale, na vijimbegu hurundikana msimu baada ya msimu. California iliuweka mmea huu kwenye orodha ya magugu hatari mwaka 2022.

Kama tayari unao na unaishi kwenye joto, ukate hadi sentimita 15 kutoka ardhini mwezi wa kumi, na uendelee kukata machipukizi hadi mwezi wa pili huku ukitafuta wa asili wa kuuchukulia nafasi. Aliye Minnesota au Toronto hana shida hiyo, baridi itauua. Lakini atakuwa akinunua upya kila mwaka kitu ambacho A. incarnata ingempa mara moja.

Mwenzake ni Gomphocarpus physocarpus, mwenye maganda ya mviringo kama vipulizo vyenye nywele, anayetokea kusini mwa Afrika. Viwavi wa monaki humla, na huko kwao jamaa wa monaki, Danaus chrysippus, anayeonekana pia kote Afrika Mashariki, hutegemea mimea ya ukoo huo. Lakini Houston si kwao, na penye joto huleta tatizo lilelile.

Hatari zaidi ni mitambazi ya jenasi Vincetoxicum kutoka Ulaya, iliyoenea Ontario na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni wa ukoo mmoja na milkiwidi, kwa hiyo jike hudanganyika akataga, na viwavi wakianguliwa hufa. Ukiiona inajisokota kwenye uzio wako, ing'oe na mizizi kabla haijatoa maganda.

Mbegu na friji

Mbegu za aina nyingi za asili hazioti bila kupitia baridi yenye unyevu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani wameuziwa mbegu mbovu.

Lowanisha karatasi ya jikoni, ikamue hadi isidondoshe hata tone, tandaza mbegu, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki na uandike jina na tarehe. Weka kwenye friji, nyuzi 4 hadi 5 za Selsiasi, kwa siku 30 hadi 60. Ikiwa imelowa mno, ukungu utakula mbegu. Ikikauka katikati, umepoteza muda wote. Kagua kila wiki. Sehemu ya kugandisha haifai kwa kazi hii: mbegu inahitaji ubaridi na maji kwa pamoja, na maji yaliyoganda hayaisaidii.

Kisha atika kwenye vyombo vyenye kina cha sentimita 10 au zaidi, maana mzizi hukimbilia chini mapema. Funika kwa udongo wa milimita 5 tu. Kwenye joto la nyuzi 21 hadi 25 utaona vichipukizi baada ya siku 7 hadi 14. Mwagilia kutoka chini, kwa kuweka trei kwenye maji; miche inayomwagiwa juu kila siku huoza shingoni na kulala. Hamisha ikiwa na jozi 3 au 4 za majani na baridi ya usiku ya kugandisha imekwisha.

Asiyetaka shughuli ya friji apande nje mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na majira ya baridi yafanye kazi hiyo. Ondoa nyasi kabisa, tawanya mbegu, zikanyage zishikane na udongo. Mbegu iliyotupwa juu ya nyasi huwa chakula cha ndege.

Ukiokota maganda mwenyewe, subiri yapasuke kwa kubonyezwa kidogo na mbegu ziwe kahawia, nyeupe hazijakomaa. Nyuzi laini zilizoshika mbegu ni sufi kabisa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, sufi ya msufi kutoka Java ilipokatika, watoto wa shule Marekani walitumwa kuokota maganda haya ili nyuzi zake zijazwe kwenye majaketi ya kuokolea maisha majini.

Idadi, sumu na wadudu

Monarch Watch, mradi wa Chuo Kikuu cha Kansas, hushauri mimea isiyopungua 10, ya aina mbili au zaidi. Kiwavi mmoja anaweza kumaliza majani 20 makubwa kabla hajawa pupa, hivyo mimea miwili mitatu huliwa ikaisha viwavi wakiwa katikati ya ukuaji. Panda kwa mafungu, ongeza maua ya mwisho wa msimu kama Solidago na Liatris kwa wanaosafiri kwenda Mexico.

Dukani uliza swali moja kabla ya kulipa: miche hii imepigwa dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi? Dawa hizo huingia ndani ya jani na kukaa humo miezi, kuosha hakusaidii. Muuzaji asipojua, usinunue.

Vidukari vya manjano vyenye miguu myeusi vitakuja, bila shaka. Virushe kwa maji ya mpira asubuhi, baada ya kugeuza majani na kuangalia mayai: yai la monaki ni moja moja, la rangi ya krimu, lenye mistari ya wima. Usipulize sabuni penye mayai au viwavi, wala usiguse dawa ya Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki, hata ikiandikwa kuwa ni ya asili. Imetengenezwa kuua viwavi.

Vaa glavu. Utomvu ukiingia jichoni huumiza konea na kufifisha kuona, kwa hiyo watoto wanaopenda kushika viwavi waoshwe mikono palepale.

Mwaka wa kwanza mmea hujenga mizizi. Usitarajie maua mengi kabla ya wa pili au wa tatu. Baridi ikikaribia, choma kijiti kando ya kila mche, hasa A. tuberosa. Hiyo huchelewa kuamka kuliko karibu mimea yote ya bustani, na watu wengi huichimbua mwezi wa tano wakidhani imekufa. Subiri hadi katikati ya Juni ndipo upapase chini ya kijiti.