Njia ya ndani ina ubaya gani?

SWALI: Babu husema John Akii-Bua wa Uganda alishinda mbio za mita 400 za viunzi (vizuizi vya kurukwa) kwenye Olimpiki ya Munich 1972 akiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Mbona wengi huikwepa?

JIBU: Babu yako hajakosea. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82, akivunja rekodi ya dunia ya Mwingereza David Hemery, 48.12. Wengi huikwepa njia ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye kona kali kuliko zote. Viunzi ni 10, kimo sentimita 91.4, kila kimoja mita 35 toka kingine. Ukitanguliza mguu wa kulia kwenye kona, wa kushoto, ulio upande wa ndani, unaweza kupita kando ya kiunzi, chini ya ubao wake wa juu: ukifanya hivyo unaondolewa mashindanoni. Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wowote, jambo ambalo wengi hawaliwezi.