Sikiliza poti zote, si moja

Umeuliza kwa nini jaribio lako la swichi ya mtandao linapita hata ukiizima isijifunze anwani za MAC (anwani za vifaa) ziko poti gani. Ni kwa sababu unasikiliza poti lengwa peke yake. Swichi isiyoijua anwani humwaga fremu (kifurushi cha data) kwenye poti zote za VLAN ile ile (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), kwa hiyo poti unayoisikiliza itaipata tu. Tuma kwanza kwa anwani ngeni: zote zipate isipokuwa iliyotuma. Kisha mwenye anwani hiyo atume fremu moja ili swichi ijue poti yake, nawe urudie kumtumia. Sasa ipate poti yake tu, nyingine kimya. Na ufute jedwali la MAC kabla ya kila jaribio, maana kwenye swichi nyingi rekodi hukaa sekunde 300 (mimi hilo lilinilaza ofisini). Kutuma na kunasa fremu hizi, Scapy (zana ya Python) inatosha; kupima kasi ni habari nyingine.