Kamshafti ya 1KZ kukatika mara mbili: kagua hedi kabla ya kununua ya tatu

Mkuu uliyeuliza kuhusu Prado yenye injini ya dizeli ya Toyota ya 1KZ iliyoongezewa nguvu, kamshafti (shafti inayofungua valvu) ikakatika, ukaweka nyingine nayo ikakatika: usinunue ya tatu kwanza. Nafanya kazi ya injini za dizeli hapa Dodoma, gari zinazopanda milima ya Saranda na Nyang'oro na mzigo mgongoni, na kamshafti ninazoletewa vipande viwili mara nyingi zenyewe hazina kosa. Kilichozivunja bado kimo ndani ya injini.

Safisha vile vipande kwa mafuta ya taa, utazame palipokatika. Mkato ukienda mshazari kuizunguka shafti, imesokotwa: imekamata kwa kukosa oili, au valvu imegonga pistoni baada ya mkanda wa taimingi kukatika au kuruka meno. Mkato ukiwa umenyooka, upande mmoja laini na mwingine una chengachenga, ufa ulianza siku nyingi ukakua taratibu.

Ulisema gari ilichemsha, hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ikachongwa kuisawazisha. Hapo ndipo ninapopashuku zaidi. Hedi ya 1KZ ni aluminiamu, na ikipinda inapinda yote, chini na juu. Fundi wa mashine anachonga chini, gasketi inakaa, maji hayavuji, gari inarudi barabarani. Lakini vikalio, yaani mahali kamshafti inapokalia kule juu, bado vimepinda. Ukikaza kepu, vile vifuniko vinavyoibana shafti kwenye vikalio, unailazimisha shafti ifuate ule mpindo, na kila mzunguko inakunjwa na kukunjuliwa, kama waya unaouchezea mkononi mpaka ukatike.

Kupima ni rahisi. Toa baketi zote (vikombe vidogo kati ya kamshafti na valvu), laza kamshafti peke yake, paka oili, kisha kaza kepu kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Kila ukikaza moja, zungusha shafti kwa mkono. Ikianza kugoma baada ya kepu fulani, umepapata. Hedi hiyo inyooshwe na vikalio visawazishwe kwa mashine, la sivyo tafuta nyingine. Kusugua kepu kwa msasa ili shafti ilegee ni kuharibu kabisa, maana unaipotezea presha ya oili.

Kepu zina namba na mshale, na zilitobolewa pamoja na hedi, kwa hiyo hazibadilishani. Inaniuma ninapoona fundi anafungua moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Springi za valvu zinasukuma upande mmoja wakati upande wa pili umebanwa, na shafti inaweza kupasuka pale pale bila kuonekana. Legeza zote kidogo kidogo kwa zamu, na kukaza vivyo hivyo.

Oili inafika juu ikiwa imechelewa. Asubuhi za Julai, Dodoma ikiwa na baridi, usikanyage mafuta injini inapowaka tu. Silikoni iliyopakwa kwa fujo nayo humegukia ndani ikaziba njia za oili. Na pampu ya dizeli iliyofunguliwa mpaka gari inatoa moshi mweusi inajaza masizi kwenye oili, basi badilisha oili mapema kuliko kawaida.

Kuhusu nguvu yenyewe: tabo (inayosukumia injini hewa) haiimalizi kamshafti haraka kama mizunguko mikubwa. Ukichezea gavana, kinachozuia mizunguko isizidi, ili injini izunguke kupita kiwango chake, springi zinashindwa kurudisha valvu kwa wakati. Ukiweka springi ngumu, shafti inabeba zaidi. Hata Marekani, wanaoshindana kwa injini za dizeli za Duramax za lita 6.6 wanavunja kamshafti upande wa mbele, karibu na gia, na wengine wanaweka zenye mpangilio tofauti wa kuwaka kwa silinda ili kupunguza tatizo. Wewe acha gavana ilivyotoka kiwandani.

Ukifika kununua ya mtumba, nenda na chaki. Iloweke shafti kwenye mafuta ya taa, ikaushe kwa kitambaa, paka unga wa chaki, usubiri. Penye ufa mafuta yatatokeza kama mstari mwembamba mweusi juu ya chaki. Angalia hasa kwenye kona kati ya vikalio na vibonye vinavyosukuma valvu.