Kiumbe kikipigwa au akipigwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu hapa Chumbageni, Tanga, tunatunga mchezo wa vita wa mezani: ramani, dadu, na vinyago vidogo vya askari na vifaru. Vita vyenyewe ni vya miaka mingi ijayo. Jeshi moja lina mnyama wa maabara, jeni za samaki silikanti zimechanganywa na za kaa, anatoka baharini usiku na kupanda nchi kavu. Kwenye kanuni tuliandika: "Kifaru kikikutana na kiumbe, kikipigwa mara 3 kinaondolewa mezani." Juzi tumegombana, nusura ramani ichanike: kinachoondolewa ni kipi? Tena mwenzetu mmoja anasema kiumbe ni wa Mungu, sisi tutafute neno jingine. Tusaidie.

JIBU: Marahaba, wanangu. Kanuni yenu imeandikwa hivi kwamba pande zote mbili zina haki ya kugombana. Kifaru ni ki-, kiumbe mmemfanya ki-, basi "kikipigwa" inamfaa yeyote.

Dawa iko kwenye hilohilo neno kifaru. Kifaru ni yule mwenye pembe puani, na kifaru ni gari la vita. Jina moja, lakini Mswahili hakosei. Ukiambiwa "vifaru wamevuka mto" unatafuta kamera. Ukiambiwa "vifaru vimevuka mto" unatafuta njia ya kukimbilia. Jina halikubadilika hata herufi, uhai umejionyesha kwenye kitenzi. Ndivyo wanavyokwenda kiboko, kipepeo, kiziwi na kiongozi: wamevaa ki-/vi-, wanatembea na a-/wa-.

Kwa hiyo andikeni: "Kifaru kikikutana na kiumbe, akipigwa mara 3 anaondolewa mezani." Hapo hakuna wa kubisha, aliyepigwa ni mnyama. Mkitaka liondoke gari, rudisheni "kikipigwa". Na kinyago chenyewe kikidondoka chini ya meza, kimeanguka. Hicho ni plastiki tu.

Nakiri kwamba neno kiumbe lina kigeugeu. Utasikia "viumbe vya baharini", utasikia "viumbe wa baharini", na zote zinapita. Nisichokipitisha ni nusu kwa nusu, kama "kiumbe kikubwa anatambaa". Ukishaanza na uhai maliza nao: kiumbe mkubwa, huyu, wangu, anatambaa.

Sasa huyo mwenzenu. Simcheki hata kidogo, ana sikio. Kiumbe limetoka kwenye kuumba, na ile -e ya mwisho inamtaja aliyetendwa: mtume ni aliyetumwa, mteule aliyeteuliwa, kiumbe aliyeumbwa. Lakini watu wa maabara yenu hawakuumba. Wamechukua jeni zilizokuwapo, wakakata, wakaunganisha. Huko pwani kwetu kazi ya namna hiyo ina kitenzi chake: kuunda. Fundi wa mashua hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, akamaliza kwa kalafati. Mti hakuumba yeye, chombo kakiunda. Mchukueni "unda", mtieni -e ileile, mnapata kiunde, wingi viunde. Msione haya, njia imeshafyekwa: si tunasema akili unde kwa ile akili ya kompyuta? Kiunde aliyejeruhiwa atibiwe, kifaru kilichoharibika kitengenezwe. Chotara lingefaa pia, ila ni la wanaozaliwa, na wenu hakuzaliwa.

Mkifika kwenye masimulizi, pale askari wa zamu anapomwona kwa mara ya kwanza, acheni a-, mchukue li-. "Lile dude linakuja!" Wahenga walijua: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lina roho na lina meno, lakini methali imelipa li-, kwa sababu ya ukubwa na kitisho. Hayo ni ya hadithi tu. Kwenye kanuni hofu haina kazi.

Nimefurahi mmemchagua silikanti. Wataalamu walidhani alikwisha toweka zama za dainosari, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na Tanga ina hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Wavuvi wetu humkuta kwenye wavu wa jarife, na hamna anayesema "silikanti hiki". Kaa mmefanya vyema kumwongeza, maana silikanti hupeleka mapezi yake kwa kupishana kama mtu anayetembea, lakini hatembei, anaogelea tu.

Rekebisheni na hili kama limo: silikanti hatagi, huzaa, mayai huanguliwa tumboni mwake. Kaa hutaga. Viunde wenu wakiongezeka vitani, kitenzi kitategemea jeni za nani zimeshinda, na hilo rusheni dadu wenyewe.