Samaki wa mapambo: mwangalie anavyokula kabla hujamsifia rangi

Picha ninazotumiwa WhatsApp karibu zote zinafanana. Samaki kajibanza kwenye kona ya tangi, tumbo limejaa, na chini yake swali: "Kaka, nimpe dawa gani?" Mara nyingi hapo muda umeshapita. Huyo samaki alianza kuumwa siku kadhaa nyuma, na alijionyesha wakati wa kula. Mwenye tangi alikuwa anaangalia rangi.

Sisi watu wa Kigoma tumekaa juu ya mali. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za sikilidi, jamii ya samaki wanaopendwa sana kwa mapambo, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani wanawalipia fedha nyingi, sisi tunawaona bure tukiogelea kwenye mawe ya Katonga. Ila bure ni kuwaona tu. Kuwavua na kuwauza kuna taratibu na leseni zake, kwa hiyo pita kwanza kwa afisa uvuvi kabla hujaingiza kimia majini. Na ukiweza, nunua vifaranga kwa mtu anayezalisha nyumbani. Wamezoea tangi na wanajua chakula cha kopo. Aliyetolewa ziwani jana anakuja na hofu, na hofu peke yake inatosha kumuangusha.

Maji. Ziwa letu lina pH (kipimo cha ukali wa maji, kama ni ya tindikali au ya magadi) ya kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na joto la juu juu ni nyuzi 24 hadi 27 sehemu kubwa ya mwaka. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni habari ya amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile inayoua. Uchafu ambao samaki wa maji mengine angeuvumilia, wa Tanganyika anakufa nao. Ndiyo maana tangi jipya halijazwi samaki siku ya kwanza. Bakteria wanaokula amonia huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji la chujio, na sponji hilo huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Umeme ukikatika usiku, washa pampu ya hewa ya betri. Huna? Chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, rudia kila baada ya muda mfupi. Inachosha, lakini inasaidia.

Anayeanza kuzalisha namshauri aanze na wale wadogo wanaoishi kwenye magamba ya konokono, kwa mfano Lamprologus ocellatus. Tangi dogo linawatosha. Weka mchanga laini wa kina cha vidole vitatu, tupa magamba matupu, halafu kaa utazame. Samaki asiyefika urefu wa kidole atachimba mchanga kwa mdomo, alifukie gamba mpaka ubaki mlango tu, na mkono wako ukikaribia ataugonga bila aibu. Jike hutaga ndani ya gamba. Baada ya wiki moja na kitu utaona vitoto vimejipanga mlangoni. Wape chakula kilichosagwa kuwa unga, kidogo sana, mara kadhaa kwa siku. Dume mmoja kwa majike mawili au matatu, na kila mmoja awe na magamba ya ziada ya kukimbilia.

Kazi yenyewe iko kwa Tropheus, sikilidi wengine wa ziwa letu wanaoishi kwenye mawe. Tropheus duboisi akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima. Akikua kichwa kinakuwa cha buluu na kiunoni anavaa mkanda mweupe au wa njano. Ukimpenda, jua unapenda samaki mgomvi mwenye utumbo mrefu. Ugomvi unapunguzwa kwa kuwaweka wengi, kumi na wawili au zaidi kwenye tangi kubwa, ili dume mkorofi asipate mmoja wa kumwandama. Utumbo mrefu ni wa kusaga ule utelezi wa kijani wa kwenye mawe. Na hapa ndipo watu wa Kigoma tunapowaua kwa ukarimu: tunawasagia dagaa. Dagaa ni chakula cha migebuka, na chetu. Tropheus mpe spirulina (chakula cha mwani) na mchicha uliochemshwa kidogo.

Jike wa Tropheus hubeba mayai mdomoni kwa takriban wiki nne. Ni machache, mara nyingi hayazidi 20, lakini makubwa. Tatizo ni kwamba wiki hizo anakula kwa shida, na samaki mgonjwa naye hali. Utawatofautishaje? Piga magoti tangi liwe usawa wa macho. Aliyebeba amevimba chini ya taya, kwenye koo, na taya linatembea taratibu kama la mtu anayetafuna: anageuza mayai. Chakula kikiingia anakuja na wenzake, macho maangavu, labda anadokoa kidogo. Mgonjwa amevimba nyuma ya mapezi ya kifuani, tumboni. Anakichukua chakula, anakitema, anakichukua tena, anakitema. Kinyesi chake ni uzi mweupe unaoning'inia. Anapumua haraka na anajitenga.

Ukiona kutema na uzi mweupe, usisubiri uvimbe. Acha kulisha tangi zima, badilisha theluthi ya maji, mtenge huyo mmoja. Dawa inayotumika sana ni metronidazoli, lakini kipimo chake huhesabiwa kwa lita za maji, kwa hiyo mpigie daktari wa mifugo, usivunje kidonge kwa kukisia. Tumbo likishafura hadi magamba yamesimama, sijaona wengi wakirudi.

Dalili nyingine ni rahisi kuzisoma. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi pamoja na kujisugua kwenye mawe ni vimelea. Wote kuhema juu ya maji ni upungufu wa hewa au ni amonia, badilisha maji kwanza ndipo uulize. Mapezi yaliyochanika kwa samaki mmoja tu mara nyingi ni kipigo, dawa yake ni kumhamisha.

Kuna wanaolifungua jike mdomo kwa nguvu ili watoe vifaranga mapema. Mimi siungi mkono. Mtoto wa Tropheus akitoka mwenyewe anatoka anajua kula, na mama hajajeruhiwa taya. Jaza tu mawe yenye nyufa nyembamba ili wapate pa kujificha.

Usichanganye Tropheus wa fukwe tofauti kwenye tangi moja, maana watazaana, na watoto wao hutakuwa na jina la kuwauzia. Vifaranga vikizidi, wape wafugaji wengine. Usivipeleke Kibirizi kuvimwaga ziwani, hata kama asili yao ni humo humo. Vimelea vya tangini havijui kubaki nyumbani.