Je, Aristotle alikuwa "mchumi"?

Swali: Ninahariri makala za wanafunzi kuhusu chimbuko la fikra za kiuchumi. Mmoja amemwita Aristotle "mchumi wa kale", mwingine "mtaalamu wa iktisadi" (yaani wa elimu ya uchumi). Lipi ni sahihi?

Jibu: Maneno yote mawili ni Kiswahili fasaha, ila kila moja linamvisha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kanzu ambayo haikushonwa kwa kipimo chake.

"Uchumi" limetokana na kitenzi "kuchuma", kile kile tunachokitumia tunapochuma embe au mchicha (si chuma cha mhunzi, kama wanafunzi wengine wanavyodhani). Kutoka kwenye tunda kitenzi hiki kikahamia kwenye mali, na ndiyo maana mchumia juani hulia kivulini. Kiini chake ni kupata. Neno la Kigiriki "oikonomia", kwa upande wake, limeundwa na "oikos", yaani nyumba, na "nemein", yaani kugawa au kusimamia. Xenophon, mwandishi wa Kigiriki, katika karne ya 4 KK, aliandika kitabu kiitwacho Oikonomikos, ambamo Socrates anajadiliana na Critobulus jinsi ya kuendesha kaya na shamba. Aristotle (384–322 KK) akaitenga oikonomia na "chrematistike", ufundi wa kujipatia mali, akaukubali upataji unaokidhi mahitaji ya nyumba na kuulaumu ule usio na kikomo. Kwa hiyo, tukifuata asili ya neno letu, kumwita mchumi ni kumweka karibu na jambo lile lile alilolitilia shaka. Riba ndiyo aliyoichukia zaidi: kwa Kigiriki iliitwa "tokos", neno ambalo pia lina maana ya uzao, naye akaona ni kinyume cha maumbile fedha kuzaa fedha. Sisi husema akiba "imezaa" bila hata kushtuka.

"Iktisadi" inamkaribia zaidi, lakini nayo ina mtego wake. Imetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa "kusudi", na maana yake ya zamani ni kwenda wastani, kutofuja. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ana kitabu kiitwacho Al-Iqtisad fi al-I'tiqad, na anayekifungua akitarajia habari za masoko atakuta mjadala wa itikadi. Aliyoyasema kuhusu fedha yamo katika kitabu chake kingine, Ihya, anapoifananisha na kioo, ambacho hakina rangi yake chenyewe lakini huonyesha kila rangi. Usimamizi wa kaya wanazuoni wa zama hizo waliuita "tadbir al-manzil". Iktisadi kuwa jina la taaluma ni matumizi ya baadaye.

Kama kuna mtu wa zamani ambaye "mchumi" lingemkaa vizuri, ningemtaja Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis. Katika kitabu chake Muqaddimah, alichokiandika mwaka 1377, sura ya tano inahusu "ma'ash", yaani riziki, ndugu wa neno letu "maisha", pamoja na "kasb", ambalo hasa ni kuchuma.

Katika makala unazohariri, ningeandika "Aristotle, mwanafalsafa aliyejadili upataji na matumizi ya mali". "Fikra za kiuchumi" katika kichwa cha habari ziache zilivyo, kwa kuwa hapo anayezipa fikra hizo jina ni mwandishi wa leo.